Kopo Lililoandikwa Jina Jingine

Hotuba iliyotolewa tarehe 27 Oktoba, Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani, kabla ya kuonyeshwa filamu Within Our Gates. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa hapa mbele, walimu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Filamu tunayokwenda kuitazama ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Januari 1920. Haina sauti. Aliyeiandika na kuiongoza ni mtu mweusi, Oscar Micheaux, na katika filamu ndefu zote zilizoongozwa na Wamarekani weusi, hii ndiyo kongwe kuliko zote ambayo bado ipo. Jina lake ni Within Our Gates, yaani Ndani ya Malango Yetu. Kwa miongo kadhaa ilihesabiwa miongoni mwa zilizopotea. Na muda wote walipokuwa wakiihesabu hivyo, filamu yenyewe ilikuwa Hispania, imekaa kwenye makopo yake, na jina ililokwenda nalo huko lilikuwa La Negra, Mwanamke Mweusi.

Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililonileta mbele yenu. Filamu hii haikuungua wala haikuoza. Ilipotea ikiwa imetunzwa. Waliokuwa nayo hawakujua wana nini, na waliokuwa wakiitamani hawakujua waulizie jina gani. Kazi yangu ya kila siku ni kuorodhesha picha na mikanda ya zamani. Wengi huiona ni kazi ya kupanga makaratasi. Nasimama hapa kusema kwa moyo wangu wote kwamba kitu kisicho na maelezo sahihi kwenye orodha hakijahifadhiwa, hata kama kimewekwa kwenye chumba cha baridi chenye kufuli mlangoni.

Nianze na mwenye filamu. Micheaux alizaliwa Illinois mwaka 1884, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani. Ujanani alikuwa mhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, kazi iliyowapa vijana weusi wengi nafasi ya kuizunguka nchi na kusikia matajiri wanazungumza nini. Akaweka akiba, akanunua ardhi South Dakota, akalima katikati ya majirani Wazungu. Kilimo kikamshinda, ndoa ikavunjika, akageukia kuandika riwaya na kuziuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mwaka 1918 kampuni moja ya filamu iliyomilikiwa na watu weusi, Lincoln Motion Picture Company, ilitaka kuigeuza riwaya yake The Homesteader iwe sinema. Micheaux akasema sawa, lakini aongoze yeye. Hakuwa na uzoefu wowote wa kazi hiyo. Walipokataa, akaanzisha kampuni yake, akauza hisa, na mwaka uliofuata filamu ikatoka. Hiyo The Homesteader leo haipo tena.

Within Our Gates ndiyo iliyofuata, na hamtaielewa bila kujua hali ya Marekani wakati ule. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyowachora wanaume weusi kama wabakaji na kuwatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi, kama waokozi. Ilionyeshwa hadi Ikulu ya Marekani, na mwaka huo huo Ku Klux Klan wakafufuka. Julai 1919 ikawa zamu ya Chicago. Kijana mweusi aliyekuwa ndani ya maji ya Ziwa Michigan alirushiwa mawe akazama, na ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na Wazungu 15. Miezi michache tu baadaye, mji ukiwa bado na majeraha, Micheaux anaipelekea bodi ya ukaguzi ya mji huo huo filamu inayoonyesha familia nyeusi ikiuawa na umati.

Bodi ilikataa kwanza. Ilipokuja kuruhusu, bado kulikuwa na watu, weusi kwa Wazungu, waliotaka isionyeshwe kwa kuogopa damu nyingine. Ikaonyeshwa ikiwa imekatwa. Baadaye Micheaux akairudisha kwenye kumbi na kutangaza kwamba safari hii vile vipande vilivyotolewa vimo. Kwa hiyo watazamaji wa ukumbi huu waliona tukio ambalo wa ukumbi ule hawakuliona. Hakujawahi kuwa na Within Our Gates moja, na jambo hili lina uzito wake tutakapofika kwenye suala la ukarabati.

Hadithi nitaieleza kwa ufupi, maana mnakuja kuiona wenyewe. Sylvia Landry, ambaye anaigizwa na Evelyn Preer, ni mwalimu kwenye shule ya watoto weusi huko Kusini. Serikali ya jimbo inatoa dola 1.49 kwa mwaka kwa kila mtoto. Shule isipopata dola 5,000 itafungwa, kwa hiyo Sylvia anasafiri hadi Boston kutafuta wafadhili. Huko anamsukuma mtoto asigongwe na gari, gari linamgonga yeye, na mwenye gari ni mama tajiri, Bi Warwick, ambaye anavutiwa na habari za shule. Lakini kabla hajatoa kitu anaomba ushauri kwa rafiki yake mwenye asili ya Kusini. Huyo anamwambia elimu itawaharibu watu weusi. Afadhali ampe dola 100 mhubiri mmoja, Ned Mzee, ambaye anajua kuwatuliza.

Hapo Micheaux anaiacha hadithi yake pembeni kwa muda, na anachokifanya kinanishika koo kila ninapokitazama. Tunapelekwa kanisani kwa Ned. Anawahubiria waumini wake kwamba Wazungu na mali zao wote wamo njiani kwenda motoni, na wao wasio na kitu ndio watakaouona ufalme. Watu wanashangilia. Kisha tunamwona Ned ameingia ofisini kwa Wazungu. Anawachekesha. Kila wanalosema analiafiki. Mmoja wao anampiga teke, wote wanacheka, na Ned anacheka kuwapita. Anatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Sisi tumebaki upande wake wa mlango, na tunaona cheko likimwisha usoni. Kadi ya maandishi, ile inayotokea kati ya picha na picha, inatupa maneno yake: kwa mara nyingine tena ameuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, na mahali anapostahili ni jehanamu. Waliosoma habari za Esau hawahitaji maelezo.

Fikirini huyu ni mtu wa aina gani kwenye filamu za wakati ule: mzee mweusi wa kuchekwa, wa kuinama na kukenua meno. Micheaux angeweza kumfanya msaliti tu, amchukie, apite. Badala yake anamfuata mpaka nje ya mlango kuona uso wake ukoje wakati hakuna Mzungu anayemtazama. Kama kopo lile la Hispania lingetupwa, uso huo tusingekuwa nao, na tungebaki tunasoma kwenye vitabu kwamba hapo zamani kulikuwa na mtu mmoja aliyejaribu.

Sehemu ya mwisho inarudi nyuma kwenye utoto na ujana wa Sylvia. Mlezi wake, Jasper Landry, analima ardhi ya tajiri aitwaye Gridlestone. Sylvia amesoma, kwa hiyo ndiye anayemwekea hesabu zake ili asidhulumiwe wakati wa mavuno. Jasper anakwenda kwa tajiri na karatasi ya hesabu mkononi. Wakiwa wanabishana, Mzungu maskini ambaye naye ana kisasi chake anampiga Gridlestone risasi kupitia dirishani. Mtumishi mweusi mwenye umbea, Efrem, haoni vizuri kilichotokea, anakimbia mjini kutangaza kwamba muuaji ni Jasper. Umati unatoka kuwawinda akina Landry. Wanapochelewa kuwapata, wanamgeukia Efrem yule yule aliyewaletea habari, wanamuua.

Kisha Micheaux anatuwekea gazeti. Gazeti linasimulia kwamba Jasper alikuwa mlevi aliyemvamia bwana mwema, na filamu inaiigiza habari hiyo ya uongo mbele yetu, baada ya sisi kuushuhudia ukweli kwa macho yetu. Efrem naye ameandikwa: amekufa kifo cha ajali mikononi mwa watu wasiojulikana. Sisi watazamaji tunawajua. Tumeziona sura zao, wanaume, wanawake na watoto. Sijui filamu nyingi, hata za leo, zinazomfundisha mtazamaji kwa dakika chache kiasi hicho kulitilia shaka lililoandikwa na kuuliza nani ameliandika.

Mwisho wa Jasper na mkewe sitausimulia. Nitasema tu kwamba wakati kamba zinaandaliwa, Micheaux anatupeleka na kuturudisha kati ya umati ule na nyumba ambamo Armand, ndugu wa Gridlestone, anataka kumbaka Sylvia. Kupeleka na kurudisha namna hiyo ndiko Griffith alikotumia kuwafanya watazamaji washangilie Ku Klux Klan. Hapa mbinu ni ile ile, ila anayebaka ni Mzungu na wanaokufa ni wasio na hatia. Armand anaona kovu kifuani mwa Sylvia na mkono wake unasimama. Kwa nini unasimama, mtaona wenyewe.

Sasa, filamu kama hii inapoteaje?

Kwanza nakala zilikuwa chache. Micheaux hakuwa na studio kubwa nyuma yake. Alizunguka na filamu zake mji kwa mji, akiwatafuta wenye kumbi mmoja mmoja, na nakala ile ile ikapitishwa kwenye projekta mpaka matundu ya pembeni yachanike. Mwaka 1928 alifilisika. Miaka hiyo hiyo sauti ikaingia kwenye sinema, na filamu bubu zikakosa soko karibu kwa usiku mmoja. Mkanda wa filamu una madini ya fedha ndani ya tabaka lake la picha, kwa hiyo wengi walioona hazina faida tena waliziuza ziyeyushwe. Hazina za kutunza filamu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Shirikisho lao la kimataifa, FIAF, lilianzishwa Paris mwaka 1938.

Halafu kuna mkanda wenyewe. Wakati ule ulitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu cha ukoo mmoja na baruti. Ukishika moto hauzimiki kwa maji, kwa sababu unapoungua unajitolea oksijeni yake wenyewe. Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua, na sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo ikaishia pale. Nitrati isipoungua huoza. Picha inafifia, mkanda unaanza kunata, unatoa mapovu, unalainika kama asali, na mwisho wake ni unga wa kahawia ndani ya kopo lililoliwa na kutu. Joto na unyevu huharakisha yote hayo. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1951. Micheaux alifariki mwaka huo huo.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa mwanahistoria David Pierce. Alihesabu filamu ndefu bubu za Kimarekani zilizotolewa kati ya 1912 na 1929, akapata 10,919. Zilizobaki kamili, katika hali ile ile zilivyotolewa, ni asilimia 14. Asilimia 70 zimepotea kabisa. Na hesabu hiyo inajumlisha studio zenye mali na maghala. Kwa Micheaux ni mbaya zaidi. Katika filamu zake bubu zaidi ya ishirini, tumebaki na tatu. Body and Soul ya 1925, ambamo Paul Robeson alionekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza, ilitunzwa Rochester, jimbo la New York. The Symbol of the Unconquered ilipatikana Ubelgiji. Within Our Gates ikapatikana Hispania. Yaani katika tatu, mbili zimeokolewa na watu wa nchi za mbali ambao hadithi hizo hazikuwa zao.

Hilo halikutokea Ulaya tu. Nakala ya filamu iliyofika mwisho wa safari yake mara nyingi haikurudishwa, kwa sababu nauli ilizidi thamani yake. Dawson City, kaskazini kabisa mwa Kanada, zilichimbuliwa roli 533 za mikanda ya filamu mwaka 1978 kwenye ardhi iliyoganda. Zilikuwa zimefukiwa huko kwa kukosa mwenye kuzitaka.

Nakala ya Within Our Gates iligunduliwa Madrid, Hispania, katika miaka ya 1970, kwenye hazina ya taifa ya filamu, Filmoteca Española. Napenda niwaeleze kidogo jinsi mkanda wenye jina geni unavyotambuliwa, maana ndiyo kazi yangu na ndipo penye mateso na raha yake. Unauweka mkanda mezani juu ya mwanga, unausogeza kwa mkono. Kando ya picha, karibu na matundu, kiwanda kimeacha maandishi na alama ndogo ndogo. Ukizijua, zinakuambia mkanda ulitengenezwa lini. Unatazama sura: huyu ni nani, nimewahi kumwona kwenye picha gani? Unatazama namba za magari, mabango ya maduka, mishono ya nguo. Kisha unakwenda kwenye magazeti ya miaka hiyo kusoma matangazo na muhtasari wa hadithi. Kwa filamu za Micheaux magazeti ya watu weusi, kama Chicago Defender, ni hazina isiyo na mfano, kwa sababu yaliziandika filamu ambazo magazeti makubwa hayakuzijali. Mtu anayetunza magazeti ya zamani anatunza filamu pia, hata kama hajui.

Maktaba ya Bunge la Marekani ikaipata filamu na kuikarabati kwenye maabara iliyokuwa nayo wakati huo Dayton, Ohio. Kazi ilikamilika mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya filamu kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa daima. Ugumu ulikuwa kwenye kadi za maandishi. Filamu bubu huzungumza kwa kadi, na ilipopelekwa Hispania kadi zilikuwa zimebadilishwa kuwa za Kihispania. Za Kiingereza cha awali zilibaki nne tu. Mtafiti Scott Simmon alizirudisha zilizosalia kwenye Kiingereza. Aliyaondoa maelezo yaliyokuwa yameongezwa kwa ajili ya Wahispania wasioijua Marekani, na ili zisikike kama za Micheaux alifuata lugha ya riwaya zake na ya kadi za Body and Soul, filamu bubu pekee ya Micheaux iliyobaki na kadi zake za asili. Katikati kuna kipande kifupi kilichopotea, na mahali pake wameweka kadi inayoeleza kilichokuwepo.

Wapo wanaoona kuandika upya kadi ni kuvuka mpaka. Mimi naona walifanya sawa, kwa sababu hawakuficha. Mkarabati mbaya huziba pengo ili lisionekane. Hawa wamelionyesha. Mnaposoma kadi leo, jueni maneno ni ya Micheaux yaliyopita mikononi mwa mfasiri wa Hispania na kurudi kupitia kwa Simmon. Picha ndizo zake mwenyewe bila mpatanishi. Na hata kwa kupita mikono yote hiyo, uchungu haukupungua. Kadi moja ya mwanzo inasema tuko Kaskazini, ambako chuki za Kusini hazipo, ingawa hilo halizuii mtu mweusi kuuawa na umati mara moja moja.

Nije kwetu, kwa sababu hasara hii tunayo nyumbani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri mkoani Tanga, palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaonyesha Waafrika, Bantu Educational Kinema Experiment. Zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 usio na sauti, na sauti ikatolewa kwenye santuri iliyochezwa pembeni, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Mlio na wazazi au babu kutoka Korogwe na Lushoto, huenda walikaa chini usiku kuzitazama. Zilikuwa 35. Zinazojulikana kubaki ni tatu, na zipo Uingereza: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Zile za hadithi, ambamo wanavijiji waliigiza, hazimo. Mradi ulikuwa wa kikoloni na ulitutazama kwa macho ya kikoloni. Mimi bado nazililia, kwa sababu nyuso zilizokuwemo zilikuwa za watu wetu.

Na msidhani hayo ni ya 1935 tu. Niliwahi kuletewa kaseti ya VHS iliyoandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: USIFUTE. Aliyeileta aliikuta kwenye vitu vya marehemu mjomba wake. Ilikuwa na ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe, kwa hiyo tuliisafisha kabla ya kuicheza. Ndani kulikuwa na mchezo wa kuigiza uliorekodiwa ukumbini, kikundi kizima, mama mmoja anayeigiza mkwe kwa kipaji ambacho sijawahi kukiona tena, na watazamaji wanaoangua kicheko kiasi cha kufunika maneno. Hakuna jina la mchezo. Hakuna jina la kikundi, la mji, wala la yule mama. Mjomba alijua kina thamani, ndiyo maana aliandika asiifute mtu. Lakini yote aliyoyajua alikwenda nayo kaburini, na sisi tumebaki na kitu kilichotunzwa kisichojulikana, kama Hispania ilivyokuwa na La Negra.

Kwa hiyo naomba kila mwenye kanda nyumbani, iwe harusi, igizo, ngoma, mahubiri au mechi ya mtaani, aandike leo na siyo kesho. Andika jina la kitu, na kama kilijulikana kwa jina la pili liandike pia. Andika wapi, lini, kwa lugha gani, nani alishika kamera, na majina ya wanaoonekana, hata yale ya utani, maana mara nyingi ndiyo wanayojulikana nayo. Andika kwenye karatasi itakayokaa ndani ya boksi, na nakala yake ibaki mahali pengine. Wazee waulizwe sasa, kanda ikiwa inachezwa mbele yao. Kanda yenye ukungu usiiweke kwenye mashine, utaiharibu na mashine itaambukiza nyingine. Mkanda wa filamu unaonuka siki utenge na wenzake. Usiweke chochote chini ya bati wala kwenye stoo yenye unyevu. Ukihamishia kwenye kompyuta, usiishie kwenye diski moja, na usiitupe kanda yenyewe kwa sababu tu umeshainakili.

Wenye vituo na studio nawaomba zaidi. Msifute kanda ili mrekodie nyingine. Najua bajeti. Najua pia kwamba zilizofutwa hazina Hispania ya kwenda kuzitafuta.

Filamu inachukua kama dakika 79. Haki zake zimeshakwisha muda, kwa hiyo ni halali kuionyesha shuleni, kanisani, kwenye banda la video, popote, na ningefurahi mkifanya hivyo. Kadi zake ni za Kiingereza, ila wanafunzi wawili walioketi pale kulia watazisoma kwa Kiswahili kwa sauti, kama watafsiri wa mabandani wanavyofanya. Wameifanyia mazoezi kazi hiyo kwa bidii. Mtakapofika penye kipande kilichopotea, hadithi itaruka ghafla, na mwanafunzi wa kushoto atawasomea kadi inayoeleza. Mashine haijaharibika, msiwe na wasiwasi. Maswali tutayachukua baadaye, na daftari la kuandikisha kanda mlizonazo lipo kwenye meza ya mlangoni. Ahsanteni sana, karibuni tutazame.